Saa Moja na Dakika Tatu

Kazi yangu ni mizani.
Miaka sita nawapimia watu mabegi yao
katika uwanja wa ndege wa Dodoma, na ndege sijapanda.
Naijua safari kwa kilo tu,
kama karani wa posta anavyozijua barua kwa stempu.

Agosti hii upepo una vumbi na kisirani.
Umebeba kofia ya mlinzi hadi kwenye uzio,
na mama yangu, Sechelela, bibi wa Mpunguzi,
amesimama kwenye foleni yangu kama abiria yeyote,
kitenge cha Pasaka, kanda mbili mpya,
karatasi ya daktari wa macho
imekunjwa mara nne ndani ya kiganja.

"Mbukwa, mwanangu. Huko Dar ni mbali kiasi gani?"

Kwa hewa, mama, kilomita mia nne kasoro kidogo.
Barabara inazidi, kwa kuwa inapinda kufuata miji:
Gairo, Morogoro, Chalinze.
Ndege haina wa kumsalimia njiani.
Saa moja na dakika tano hivi, upepo ukiridhika.

Akacheka, akaziba mdomo.
"Saa moja! Kwa kuni mbichi hata mlenda haujachemka.
Mimi kwa saa moja nimefika kisimani, sijarudi."

Kisha akauliza lile ambalo ratiba yetu haina:
"Sasa kama ni saa moja,
mdogo wako imekuwaje
mwaka wa kumi na moja bado yuko njiani?"

Watu nyuma yake wakaanza kukohoa.
Bwana mmoja wa wizara akatazama saa,
akaitazama tena, isije ikawa imebadili msimamo.
Nikasema: weka mzigo, mama.

Begi, kilo tisa.
Kikapu, kilo nane, kimefunikwa majani ya mzabibu.
Sikukifunua. Nilijua ni zabibu za mstari gani.
Ni za upande wa mashariki, kando ya mtaro,
mistari minne ambayo Ndahani alisema ni yake
na mimi nikasema ni yangu,
arobaini ya baba haijafika,
viti vya kuazima bado viko uani.

Kumi na saba. Zimezidi mbili, na zinazozidi hulipiwa.
Nikatoa pesa mfukoni,
nikajiandikia risiti, nikajikabidhi.
Mama aliitazama ile karatasi kwa jicho lake zima,
hakusema kitu.

Ndege ya panga mbili ikakimbia na vumbi lake,
ikainuka juu ya mabati ya mji,
ikawa punje ya uwele,
ikawa haipo.

Nikapima mabegi ya watu wa Mwanza.
Nikapima gitaa. Nikapima sanduku la vifaranga
waliokuwa wakilalamika kwa niaba ya wote.
Kila nikisoma namba naona saa ya ukutani badala yake.

Simu ikatetemeka. Namba siijui,
au naijua, niliifuta tu.
*Imetua. Naiona.*

Maneno mawili. Niliandika asante, nikafuta.
Niliandika jina lake, nikafuta.
Mwisho nikatuma nilichokuwa na uhakika nacho:
*Kilo kumi na saba. Nane ni zako.*

Jioni mama akapiga simu, analalamika.
Ndani ya ndege alimwanzia jirani yake
habari za mwaka ule wa njaa,
hata kwenye ng'ombe wa kwanza kufa hajafika,
wakaambiwa wafunge mikanda, wanashuka.
"Njia gani hiyo, haitoshi hata hadithi moja?"

Halafu akashusha sauti.
"Anazila na mbegu zake. Anauliza,
ule mtaro bado unafurika masika?"

Unafurika, nikasema.
Nikanyamaza kidogo, upepo unagonga bati.
Mwambie aje auone mwenyewe.
Ni saa moja tu, mama.
Na dakika tatu, kwa saa yangu.